Chuo ni Walimu Wake: Swali Linalosahauliwa katika Mashauri ya Familia za Kasulu na Kibondo

Matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa kila mwaka, nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo huingia katika mashauri mazito. Baba na mama huwaita wajomba, mashangazi na kaka wakubwa, na swali huwa moja: kijana amefaulu, alhamdulillah, sasa aende chuo gani? Katika nyanda hizi za juu za Kigoma swali hilo si dogo. Ada ya chuo hutoka katika maharage yaliyouzwa, katika muhogo uliokaushwa, katika kahawa, na mara nyingine katika kipande cha shamba au ng'ombe aliyekuwa akiba ya familia. Fedha hiyo ikishalipwa hairudi kwa urahisi, na miaka mitatu au minne ya kijana hairudi kabisa.

Katika mashauri hayo huulizwa mambo mengi ya maana. Chuo kiko mji gani? Ada ni kiasi gani? Je, kuna hosteli ya wasichana? Je, kuna mahali pa kuswalia? Hayo yote ni haki ya mzazi kuyauliza. Lakini tumeona kwamba swali moja kubwa husahauliwa mara kwa mara: ni nani atakayemfundisha mtoto wetu, na katika idara gani? Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya swali hilo, ili familia ijue chuo kimejengwa vipi kwa ndani kabla haijatoa senti yake ya kwanza.

Vyuo vilivyo karibu na nyumbani

Tuanze na vilivyo karibu, kwa kuwa wapo wazazi wanaodhani kwamba elimu ya juu ya sekondari huanzia Dodoma au Dar es Salaam. Kasulu ina vyuo viwili vya ualimu vya serikali, Chuo cha Ualimu Kasulu na Chuo cha Ualimu Kabanga. Wilaya mbili hizi zina pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, kimoja Kasulu na kingine Kibondo. Vyuo vya aina hii vilianzishwa nchini kuanzia mwaka 1975, kwa wazo ambalo Mwalimu Julius Nyerere alilipata katika vyuo vya watu wazima vya Sweden: kwamba mwananchi aliyekwisha kutoka shuleni apate mahali pa kurudi kujifunza ufundi, ushonaji, kilimo na maarifa ya maisha. Katika miaka ya karibuni vyuo hivyo vimewapokea pia wasichana waliokatishwa masomo, wakiwamo waliokwisha kuwa mama, kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho.

Zaidi ya hapo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kina kituo cha mkoa mjini Kigoma. Humo mwalimu wa shule ya msingi wa Kibondo aweza kusomea shahada bila kuacha kazi wala kuihama familia.

Kwa hiyo kijana wa milimani ana njia zaidi ya moja. Lakini njia hizo hazifanani, na tofauti kubwa baina yake imo katika watu wanaofundisha na namna walivyopangwa, kuliko ilivyo katika majengo. Katika chuo cha ualimu anayefundisha huitwa mkufunzi. Katika chuo kikuu huitwa mhadhiri. Katika chuo cha ualimu mkuu wa chuo ndiye anayekiendesha kila siku. Katika chuo kikuu Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, aghalabu cha mtu mashuhuri anayetunuku shahada siku ya mahafali, na mwendeshaji ni Makamu Mkuu wa Chuo. Mzazi asiyelijua hili aweza kupeleka barua yake kwa mtu asiyehusika, kisha akasubiri jibu lisilokuja.

Idara ni nini hasa?

Idara ndiyo nyumba ya somo. Historia ina idara yake, Kiswahili kina idara yake, hisabati ina idara yake. Idara kadhaa zenye ujamaa huunganishwa kuwa kitivo, au kama vyuo vingine vinavyoita, shule kuu au ndaki. Kitivo huongozwa na mtu aitwaye amidi, na kila idara huwa na mkuu wake. Huyo mkuu wa idara ndiye anayegawa vipindi, ndiye anayejua nani anafundisha nini muhula huu, na ndiye wa kwanza kusikiliza malalamiko ya mwanafunzi kuhusu alama. Mwanafunzi anayemjua amidi lakini hamjui mkuu wa idara yake ni sawa na mtu anayemjua mkuu wa wilaya lakini hamjui mwenyekiti wa kijiji chake.

Tuchukue mfano wa binti wa Kasulu anayetaka shahada ya sanaa pamoja na ualimu, akiwa na masomo mawili ya kufundishia: historia na Kiswahili. Kwenye karatasi ya udahili ataona jina moja la shahada. Katika maisha yake ya kila siku atakuwa mtoto wa idara tatu. Idara ya historia itamfundisha historia yenyewe. Idara ya Kiswahili itamfundisha fonolojia, sarufi, fasihi na isimu. Na idara ya elimu itamfundisha saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundisha, upimaji, na kumpeleka shuleni kufundisha kwa vitendo. Idara moja kati ya hizo ikiwa dhaifu, mguu mmoja wa kigoda umevunjika. Wapo walimu wanaoijua historia vizuri lakini hawajui kuifundisha, na wapo wanaojua kupanga andalio la somo lakini somo lenyewe hawana.

Vyuo vikuu vyetu huwa pia na masomo ya wote, ambayo kila mwanafunzi huyapitia bila kujali fani yake. Mawili yanajulikana sana: stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo. Vijana wengi huyaona kuwa mzigo. Sisi tunaona vingine. Kijana aliyekua akizungumza Kiha nyumbani na Kiswahili shuleni, kisha akakutana na mihadhara ya Kiingereza chuoni, huokolewa na mwalimu mzuri wa stadi za mawasiliano kuliko na kitu kingine chochote katika mwaka wa kwanza. Ndipo anapojifunza kuandika hoja, kunukuu kazi ya mwingine bila kuiiba, na kusimama mbele ya wenzake bila kutetemeka.

Ngazi za wanaofundisha

Kama ilivyo jeshini, wahadhiri nao wana ngazi, na ngazi hizo zina maana kwa mzazi anayelipa. Ya chini ni mkufunzi msaidizi. Huyu ana shahada ya kwanza aliyoipata kwa ufaulu wa juu. Vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikidai wastani wa alama, ule ambao wanafunzi huuita GPA, usiopungua 3.8 katika kipimo cha 5. Kazi yake ni kusaidia: kuongoza semina, kusahihisha mazoezi, kukaa na wanafunzi katika vikundi vidogo. Juu yake yuko mhadhiri msaidizi, mwenye shahada ya uzamili. Kisha mhadhiri, ambaye kwa kawaida amemaliza shahada ya uzamivu na huitwa Daktari. Baada yake ni mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Ngazi hizo tatu za juu hazipandwi kwa kukaa kazini tu. Hupandwa kwa utafiti uliochapishwa na kukubaliwa na wanataaluma wengine.

Katika vyuo vya ualimu kama vya Kasulu na Kabanga hakuna ngazi za namna hiyo. Wakufunzi ni watumishi wa Wizara ya Elimu, na mtihani wa mwisho wa stashahada hutungwa na Baraza la Mitihani la Taifa. Hapo pana tofauti nyeti. Mwanafunzi wa chuo cha ualimu hupimwa na mtu asiyemfundisha. Mwanafunzi wa chuo kikuu hutungiwa mtihani na mhadhiri yuleyule aliyemfundisha. Katika vyuo vingi alama 40 hutokana na majaribio na kazi za muhula, na 60 na mtihani wa mwisho. Kinachozuia upendeleo au uzembe ni mtahini wa nje, yaani mtaalamu kutoka chuo kingine anayekuja kuikagua mitihani na usahihishaji wake, pamoja na seneti ya chuo inayoyapitisha matokeo. Kwa hiyo katika chuo kikuu ubora wa mwalimu hugusa mambo mawili kwa pamoja: kile mwanafunzi anachojifunza, na uzito wa alama atakazotoka nazo.

Alama hizo nazo zina lugha yake. Katika kipimo cha 5 kinachotumiwa na vyuo vikuu vyetu vingi, wastani wa 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, kuanzia 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini. Na chini ya hapo hadi 2.0 ni ufaulu wa kawaida. Mzazi akiambiwa na mwanawe kwamba amepata 3.6, asisikitike kwa kudhani ni alama ya chini, wala asishangilie 2.7 kama kwamba milango yote imefunguka. Kwa kijana mwenye nia ya kubaki chuoni kufundisha, safari hiyo huamuliwa tangu mwaka wa kwanza, si wa mwisho.

Wazee wetu walilijua hili

Kumtafuta mwalimu kabla ya kutafuta jengo si jambo geni kwetu Waislamu. Msikiti wa Qarawiyyin mjini Fez, ambao inasimuliwa ulianzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, ulikuwa mahali pa duara za elimu: mwalimu hukaa, wanafunzi humzunguka. Ndivyo ilivyokuwa pia Al-Azhar ya Cairo tangu karne ya 10. Mwanafunzi alisafiri miezi kumfuata mwalimu fulani wa nahau au wa fikihi, na alipohitimu alipewa ijaza. Ijaza hiyo ilitolewa na mwalimu kwa jina lake, pamoja na mnyororo wa walimu waliomtangulia. Haikuwa cheti cha jengo.

Ustaarabu huo ulifika pwani yetu, ukafuata njia za misafara hadi Ujiji, mji wa kale wa Waislamu katika mkoa huuhuu wa Kigoma. Mzazi aliyempeleka mwanawe chuoni zamani, kwa maana ya chuo cha Qurani, hakuuliza paa ni la bati au la makuti. Aliuliza: mwalimu ni nani, na yeye alisoma kwa nani? Tunashangaa kwamba mzazi yuleyule anayeuliza hivyo kuhusu madrasa, akifika kwenye chuo kikuu huliacha swali hilo mlangoni na kuridhika na picha za majengo kwenye kipeperushi.

Udogo wa chuo si aibu

Wapo wanaodhani kwamba chuo kikubwa ndicho chuo bora. Historia ya nchi yetu haisemi hivyo. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi 14, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 Terence Ranger alifika kuianzisha idara ya historia. Idara hiyo changa, ambamo baadaye walifundisha Isaria Kimambo, Arnold Temu na Walter Rodney, ilikuwa na watu wachache, lakini ilibadili namna historia ya Afrika inavyoandikwa: Mwafrika akawa mtendaji katika historia yake, si mtazamaji. Mwaka 1969 Kimambo na Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania ambacho kilisomwa na vizazi vya walimu. Yote hayo yalifanywa na idara ambayo watu wake wangeweza kukaa katika chumba kimoja.

Huko Marekani ipo desturi ya vyuo vidogo vya elimu pana, vyenye wanafunzi elfu moja au mbili tu. Mwanafunzi husoma falsafa, historia, lugha, hisabati na sayansi asilia kabla ya kujikita katika fani moja, na humjua kila mwalimu wake kwa jina. Waislamu wa nchi hiyo nao wamejenga chuo cha namna hiyo, Zaytuna, kilichoko Berkeley, California. Kilipokea kundi lake la kwanza la wanafunzi 15 mwaka 2010, na mwaka 2015 kikawa chuo cha kwanza cha Kiislamu nchini humo kupata ithibati. Humo husomwa nahau, mantiki na balagha pamoja na fikihi, falsafa na hisabati. Mtu aliyepita madrasa zetu ataona kwamba masomo hayo matatu ya mwanzo si mageni hata kidogo.

Hapa nyumbani, mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wetu ni Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Kilianza kufundisha mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha mafunzo cha TANESCO ambayo serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliwakabidhi Waislamu. Ni chuo kidogo kikilinganishwa na Dar es Salaam au Dodoma. Hata hivyo, chini ya paa moja hufundishwa sanaa na ualimu, sayansi na ualimu, sheria pamoja na sharia, taaluma za Kiislamu, biashara na mawasiliano ya umma. Mwanafunzi wa sheria hukaa meza moja na mwanafunzi wa fizikia na wa lugha ya Kiarabu. Hiyo ni faida ambayo chuo cha fani moja hakiwezi kuitoa.

Tunayasema haya si kwa kukipigia debe chuo chochote. Udogo una faida na una hatari, na mzazi azijue zote mbili. Faida ni kwamba mwalimu humjua mwanafunzi. Akikosa vipindi wiki mbili, mtu ataona. Akiwa na njaa, akiwa mgonjwa, akiwa amepokea habari ya msiba kutoka Kibondo, hatapotea katikati ya umati wa ukumbi wa watu mia tano. Kwa kijana anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza, jambo hilo laweza kuwa tofauti kati ya kuhitimu na kurudi katikati ya safari.

Hatari ni kwamba idara ndogo hutegemea watu wachache. Idara yenye wahadhiri watatu, mmoja akienda kusomea uzamivu na mwingine akihama, hubaki na mmoja. Hapo ndipo wanapoletwa wahadhiri wa muda, wanaofundisha vyuo viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Wapo wazuri sana miongoni mwao, lakini hawakai. Wanaingia, wanahadhiri, wanaondoka. Mwanafunzi mwenye swali humkimbiza mwalimu hadi kwenye kituo cha basi.

Mwaka uliowashtua wazazi

Asiyeamini kwamba suala la walimu ni zito, akumbuke mwaka 2017. Mwaka huo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ile tunayoiita TCU, ilivizuia vyuo vikuu na vyuo vikuu vishiriki 19 kudahili wanafunzi wapya, na vyuo vingine vikazuiwa katika baadhi ya programu zao. Ilikuwa ni baada ya ukaguzi wa ubora, na upungufu wa wahadhiri wenye sifa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotazamwa. Baadhi ya vyuo hivyo vilijirekebisha na kufunguliwa tena. Lakini kwa familia iliyokuwa imekwisha kuuza mazao na kukata tiketi, somo lilikuwa chungu: lango zuri na jina kubwa havimkingi mwanafunzi kama ndani hakuna walimu.

Tume hiyo, iliyoanza kazi mwaka 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili wenye orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, programu zake na sifa za kujiunga. Kwa vyuo vya stashahada na ufundi, kazi hiyo hufanywa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Jambo la kuzingatia ni hili: ithibati hutolewa kwa chuo, na programu nayo huidhinishwa peke yake. Chuo chaweza kutambuliwa kikamilifu, huku programu moja ndani yake ikiwa imesimamishwa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama chuo kimesajiliwa. Ulizeni kama programu ile ile anayoitaka mtoto wenu imo katika mwongozo wa mwaka huu.

Fedha, ajira na nafasi ya binti

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikikopesha wanafunzi wa shahada tangu mwaka 2005, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 imefungua pia mlango kwa baadhi ya fani za stashahada zinazopewa kipaumbele. Familia ikumbuke kwamba mkopo ni deni la kijana, atakalolilipa kutoka katika mshahara wake. Akikopa kwa ajili ya programu dhaifu, atalipa miaka mingi kwa kitu ambacho hakukipata.

Ajira nayo ina uhusiano na idara. Serikali imekuwa ikitoa kipaumbele kwa walimu wa hisabati, fizikia na masomo mengine ya sayansi, wakati walimu wengi wa sanaa wamesubiri kwa muda mrefu. Hatusemi kila kijana asome fizikia. Kumlazimisha mtoto fani asiyoiweza ni kumpeleka kushindwa kwa nauli yako mwenyewe. Tunasema kwamba anayechagua sanaa achague idara yenye walimu wa kumfanya bora miongoni mwa walio wengi, na anayechagua sayansi aulize kama maabara ina mtu wa kuiendesha.

Kuhusu binti, tumesikia mara nyingi wazazi wa milimani wakisema: aende chuo cha karibu, au asiende kabisa. Hofu yao tunaielewa. Mzazi kumwogopea bintiye ni huruma, si ujinga. Lakini hofu hiyo nayo hujibiwa kwa kuuliza juu ya watu. Je, katika idara hiyo kuna mhadhiri mwanamke? Je, kuna mlezi wa wanafunzi wa kike anayejulikana kwa jina na anayepatikana? Je, chuo kina utaratibu wa maandishi wa kupokea malalamiko ya mwanafunzi dhidi ya mwalimu? Mazingira ya ibada na stara ni jambo jema, na vyuo vingi vina jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu zinazowapokea wageni. Hata hivyo, chumba cha kuswalia hakiwezi kuziba pengo la idara isiyo na walimu, wala walimu bora hawatoshi mahali ambapo binti hana wa kumsikiliza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mzazi hahitaji kuwa msomi ili aulize. Simu moja kwa ofisi ya udahili, au safari moja ya ndugu anayeishi karibu na chuo, yatosha. Tunapendekeza maswali saba.

Kwanza, programu hii imo katika mwongozo wa TCU au wa NACTVET wa mwaka huu? Pili, inaendeshwa na idara ipi, na mkuu wa idara hiyo ni nani? Tatu, idara ina walimu wangapi wa kudumu, na wangapi ni wa muda? Nne, ni wangapi kati yao wenye uzamivu, na wangapi ni wakufunzi wasaidizi? Tano, darasa la mwaka wa kwanza huwa na wanafunzi wangapi? Sita, mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi, na nani huenda kuwakagua wanafunzi huko? Saba, kati ya walioingia mwaka wa kwanza, wangapi huhitimu kwa wakati?

Chuo kinachojiheshimu hakitachukia maswali hayo. Mengi ya majibu yake huwa katika kitabu chake cha mwaka, ambamo majina ya wahadhiri, shahada zao na vyuo walikosoma huorodheshwa idara kwa idara. Ofisi ikikasirika kwa kuulizwa nani anafundisha, kasirani hiyo nayo ni jibu.

Na kijana mwenyewe, akishafika, ana wajibu wake. Katika mwezi wa kwanza amtafute mkuu wa idara yake na kumsalimu. Ajue saa ambazo kila mhadhiri hupokea wanafunzi ofisini, kwa sababu saa hizo mara nyingi hupita bila mtu kubisha hodi. Aulize swali darasani hata kama sauti inatetemeka. Mwalimu humkumbuka anayeuliza, na siku atakapohitaji barua ya kumdhamini kwa kazi au kwa masomo ya juu, ni mwalimu huyo atakayeiandika.

Mashauri ya mwaka huu yatakapoanza tena katika nyumba za Kasulu na Kibondo, tunawaomba wazazi wayaweke maswali haya pamoja na hesabu za ada na nauli. Anayeuza gunia la maharage huchunguza mizani kabla ya kupokea fedha. Anayelipa kwa gunia hilo elimu ya mwanawe ana haki ya kuchunguza zaidi. Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya kheri, na awakutanishe na walimu wema.